Jumapili Hatuaniki

Watu wa kota za kiwandani walikuwa na sheria moja ambayo hakuna aliyekumbuka nani aliitunga: Jumapili haaniki mtu. Siku nyingine anika utakavyo, tundika hata magodoro ukipenda, lakini Jumapili hata soksi ya mtoto mchanga haitoki nje. Ukihamia pale ukaanika kwa ugeni wako, majirani hawakusemi. Wanakuacha ujifunze mwenyewe, na haikawii utajifunza.

Sababu ilikuwa dohani ya tanuri la rangi, iliyosimama nyuma tu ya ukuta wa kiwanda cha magari. Ndani ya tanuri hilo yalipitishwa magari mapya yakishapakwa rangi, yakauke, yang'ae, yaende kwa wenye fedha zao. Jumapili hapakuwa na gari hata moja la kukausha, lakini tanuri halikuzimwa. Liliachwa likiwaka tupu kwa moto mdogo, maana likipoa kabisa lilichelewa kupata joto Jumatatu. Na mafuta mazito yakichomwa kwa moto mdogo hutoa moshi usio na adabu. Masizi yalitua kwenye madirisha, kwenye ndoo za maji, kwenye nywele za watoto.

Mama Pacha, dobi wa kota, aliichukia Jumapili kama wengine wanavyoichukia Jumatatu. Alifua mashuka ya nyumba za wageni na ovaroli za mafundi wa kiwandani, akaanika kwenye kiwanja cha wazi kilichokuwa kati ya kota na ukuta. Kiwanja hicho ndicho kilichowasomesha pacha wake. Mshahara wa Baba Pacha, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza moto wa tanuri hilohilo, ulilipa kodi na chakula, ukaishiwa pumzi hapo.

Basi Jumanne moja asubuhi, kamba zikiwa zimejaa, akatokea Bwana Tai.

Alikuwa msimamizi wa karakana ya rangi, na jina hilo alipewa kwa sababu alivaa tai juu ya ovaroli, jua liwake lisiwake. Nyuma yake walikuja vibarua wawili na mzigo wa vigingi. Hakusalimia. Alipofika kwenye kamba ya katikati alilisukuma shuka bichi kwa kiganja apate njia, shuka likachomoka kwenye vibanio, likaanguka mavumbini.

"Bwana Tai! Hilo shuka ni la watu."

"Na kiwanja ni cha kampuni," alisema huku akimwonyesha kibarua pa kupigilia. "Usinune, Mama Pacha. Ni habari njema hii. Tunapanda miti."

"Mnapanda wapi?"

"Hapo hapo ulipokanyaga."

Akamweleza, kwa sauti ya mtu anayemweleza mtoto. Kulikuwa na wageni kutoka nje, wanunuzi wakubwa, waliosema kiwanda kipunguze hewa ukaa inayotoka kwenye shughuli zake, la sivyo watanunua magari kwingine. Mkurugenzi ameamua. Jumapili wageni watakuja kupanda miche kwa mikono yao wenyewe, na wapiga picha watakuwapo. Miti itameza moshi wa kiwanda, hesabu zitakaa sawa, na kila mtu atafurahi. Kamba ziwe zimeondoka Jumamosi jioni.

"Miti hiyo itaanza kumeza lini?" aliuliza Mama Pacha.

"Ikikua."

"Na mpaka ikue, moshi utakuwa unakaa kwa nani?"

Kibarua mmoja alicheka, kisha akajifanya anakohoa. Bwana Tai akakaza tai yake. "Wewe fua. Mambo ya hewa waachie wenyewe." Alipiga hatua mbili, akakumbuka jambo, akageuka. "Halafu kuna vitambaa vya meza vya chakula cha wageni. Nitakuletea. Vitoke vyeupe, usiniaibishe."

"Nitavianika wapi?"

Lakini alikuwa ameshakwenda kupima upande wa pili. Mama Pacha aliliokota shuka, akalikung'uta, akalirudisha kwenye beseni.

*

Baba Pacha alirudi jioni. Mkewe alimweleza mambo yote akiwa amesimama, hata chai hajammiminia. Mume akasikiliza, akaenda kwenye ndoo ya kona, akaanza kuosha mikono. Akaosha, akasuuza, akaosha tena.

"Huyu alikuwa anajua," alisema Bibi, mama yake Baba Pacha, kutoka kwenye kiti chake karibu na mlango. "Mimi ndiye niliyemzaa. Tangu mdogo, akiwa na jambo anaosha mikono."

"Ulikuwa unajua?" aliuliza Mama Pacha.

"Tuliambiwa wiki iliyopita."

"Wiki nzima! Unakula hapa, unalala hapa, wiki nzima!"

"Ningesema nini? Kiwanja si chetu. Ningekuambia ungeanza kelele, na mimi ndiye ninayeonana nao kila siku." Alijifuta mikono kwenye suruali. "Na kelele zenyewe zisingesaidia. Mpaka kazi yetu wameibadilisha kwa ajili ya wageni hao. Jumamosi jioni natakiwa nizime."

"Uzime nini?"

"Tanuri."

Pacha wawili, wasichana wa miaka kumi na miwili, waliacha kuandika. Hata wao walijua kwamba tanuri halizimwi. Ilikuwa kati ya mambo ya kwanza waliyofundishwa na baba yao, kama vile kutogusa waya wa umeme.

"Tanuri lile?" Mama Pacha aliuliza polepole. "Si uliniambia likizimwa matofali yanapasuka?"

"Ndivyo nilivyoambiwa nilipoajiriwa."

"Na wiki hii hayapasuki?"

"Wamesema nizime kidogokidogo. Halafu niwashe Jumapili jioni, wageni wakishaondoka. Jumatatu asubuhi gari la kwanza litakuta moto uko tayari."

"Kwa hiyo linazimika."

Baba Pacha alitazama sakafu. "Linazimika."

"Wageni wakija."

"Wageni wakija," alikubali, na aibu ikamjaa usoni.

Mama Pacha alikaa kitako. Hasira aliyokuwa nayo kuhusu kiwanja ilikuwa hasira ya kawaida, ya mtu aliyezoea kusukumwa. Hii ilikuwa nyingine. Alifikiria mashuka yote aliyoyafua mara mbili, Jumapili zote alizofunga madirisha wakapikika ndani na watoto, Bibi akikohoa mpaka anashika ukuta. Miaka yote hiyo aliamini kwamba moshi ule ni jambo lisilozuilika, kama mvua. Kumbe palikuwa na mtu na mkono wake, na mkono wenyewe ulilala kitanda kimoja naye.

"Sikujua," alisema Baba Pacha. "Haki ya Mungu, sikujua."

"Sasa unajua," alisema mkewe. "Sisi wote tunajua."

*

Alhamisi Mama Pacha alikwenda ofisini. Mlinzi wa lango kubwa alimwambia dobi anapitia nyuma, kwenye mapipa ya taka, hata kama leo hakubeba nguo. Akapita huko huko. Ukumbini alikutana na injinia wa mazingira, binti mmoja mpole aliyekuwa akimlipa kila mara kabla ya kudaiwa. Mama Pacha hakuzunguka.

"Mwanangu, ninyi mnajua kwamba tanuri linawaka bure Jumapili?"

Injinia alitazama huku na huku. "Shikamoo, mama. Tunajua. Mimi mwenyewe nimelisema kwenye kikao, tena si mara moja. Mafuta linayokula Jumapili hayakaushi hata kofia. Ukitaka kiwanda hiki kipunguze hewa ukaa, unaanzia hapo, halafu unatafuta tanuri la umeme, halafu malori yanayonguruma getini kutwa. Miti inakuja mwisho, kwa yale yaliyobaki."

"Sasa kwa nini mnaanzia mwisho?"

"Mkurugenzi anasema tanuri lililozimwa halina picha."

Mlango ukafunguka na Mkurugenzi mwenyewe akatoka, mtu mnene mwenye uso wa kukaribisha. Alikuwa amesikia, au alisikia kiasi cha kumtosha. Alimshika Mama Pacha bega kama jamaa yake wa siku nyingi.

"Mama yangu, tusiwe watu wa kurudisha maendeleo nyuma. Kuna usumbufu, naelewa." Akatoa noti mfukoni, akaikunja, akaisukumiza kiganjani mwake mbele ya makarani waliokuwa wakipita. "Ukanunue kamba nyingine."

Uso ulimwaka moto Mama Pacha. Akaikunjua ile noti, akaiweka juu ya meza ya karibu.

"Kamba ninazo, mzee. Sina pa kuzifunga. Na hapo mbele ya ofisi nimeona uwanja wa majani, unamwagiliwa maji, hauna nguo wala mtoto. Miti hiyo si ingependeza hapo?"

"Hapo ni mandhari ya ofisi, mama," alisema Mkurugenzi, akacheka kile kicheko ambacho wakubwa huwatolea watu ili waondoke. Mama Pacha akaondoka, kwa njia ya mapipa.

*

Jumamosi jioni kamba zake zilikuwa bado zipo. Alikuwa bombani na wanawake wa kota, na moshi wa dohani ulikuwa umeanza kuwa mwembamba.

"Kesho tanuri limezimwa," aliwaambia. "Kesho tunaanika."

"Jumapili?" Mke wa dereva alishika kiuno. "Shoga, jua limekupiga."

"Jumapili. Mashuka meupe, mapazia meupe, chochote cheupe ulicho nacho. Na wewe mwenye shela la harusi uliloficha kabatini miaka yote, lilete lipate hewa."

Wakacheka sana. Kisha mke wa dereva akawa wa kwanza kunyamaza. "Na waume zetu? Bwana Tai amesema kamba ziondoke."

"Amesema zangu. Zako amezisema?"

"Zangu hapana."

"Basi funga zako."

Baba Pacha alikuwa amesimama dirishani, amesikia. Mkewe alipoingia alimwambia kwa sauti ya chini, "Unanitafutia balaa, mke wangu."

"Balaa lilikuwapo," alimjibu. "Wewe ulikuwa unalichochea moto." Lakini alipoona jinsi neno hilo lilivyomchoma, alimsogezea kiti, akampakulia yeye kwanza.

*

Jumapili anga lilikuwa safi kiasi kwamba watoto walitoka nje wakabaki wanatazama juu. Wanawake walianika. Walianika kwenye kamba za Mama Pacha zikajaa, wakafunga nyingine kutoka dirisha hadi dirisha, zikajaa, wakatandaza juu ya vichaka. Shela la harusi lilikuja. Kiwanja chote kilikuwa cheupe, vigingi vya Bwana Tai havikuonekana hata kimoja.

Wageni walifika na viatu vipya vya shambani, wawili wanaume na mmoja mama wa makamo mwenye kofia pana. Bwana Tai aliwatangulia mbio, tai begani.

"Toeni haya! Mama Pacha, nilikwambia nini?"

"Ulinambia vitambaa vyako vitoke vyeupe," alisema Mama Pacha. "Vile pale, ulivyoleta jana. Vinakauka."

Mgeni mwenye kofia aliuliza jambo, na injinia akageuka kujibu, lakini Mkurugenzi alimwahi. Alieleza kwa lugha ya wageni, akitabasamu, na mikono yake ilionyesha wanawake na mashuka kana kwamba ni ngoma iliyoandaliwa.

"Amesemaje?" Mama Pacha alimuuliza injinia.

"Amesema ni desturi ya kina mama. Kila Jumapili wanafua."

"Mwambie mama huyo hatuaniki Jumapili. Mwambie leo ndiyo mara ya kwanza."

Injinia alifungua mdomo. Mkurugenzi alimtazama tu, na binti wa watu akafunga mdomo. Alikuwa na kazi ya kupoteza kama wengine wote. Wageni wakapelekwa pembeni palipobaki wazi, wakapanda miche michache, wapiga picha wakainama na kujipinda ili mashuka yasionekane, kisha msafara ukaelekea ndani kwenye chakula. Wanawake walibaki wamesimama. Mama Pacha alijiona mjinga. Vyeupe vyote vile, na wageni wameondoka na uongo.

Labda yangeishia hapo kama Bwana Tai angekuwa mtu wa subira. Lakini hofu yake kubwa duniani ilikuwa gari la kwanza la Jumatatu kuchelewa, na alijua ukumbi wa chakula hauna dirisha la upande wa dohani. Alikuja mpaka kwenye mlango mdogo wa ukutani, alipokuwa amesimama Baba Pacha.

"Washa."

"Ulisema jioni, bosi."

"Wageni wanakula, hawaoni kitu. Washa sasa tuokoe muda."

Baba Pacha aliyatazama mashuka. Alimwona mama yake kwenye kiti alicholetewa nje, uso ameuelekeza juani, hakohoi. Akaingiza mikono mfukoni, ile mikono ya kuoshwaoshwa.

"Siwashi."

"Unasemaje?"

"Wanawake wameanika. Wakianua, jioni, nitawasha kama ulivyosema mwenyewe. Sasa hivi siwashi."

Bwana Tai aliangaza kuona nani amesikia. Wote walikuwa wamesikia. "Basi vua ovaroli ya kampuni. Hapo hapo. Na usije kesho."

Lilikuwa jambo la kumdhalilisha, na alilikusudia liwe hivyo. Baba Pacha alivua, mguu mmoja kisha mwingine, akabaki na fulana iliyotoboka na kaptura, mbele ya wake wa rafiki zake na binti zake mwenyewe. Bwana Tai akanyoosha mkono apokee. Baba Pacha akampita, akaenda kumpa mkewe.

"Chafu hii," alisema. "Ifuliwe kwanza."

Mama Pacha aliipokea. Macho yalimjaa machozi na hakuyafuta, kwa sababu hakuwa na haja ya kuyaficha. Hakuwa amewahi kumpenda mwanaume yule kama alivyompenda pale, na kaptura yake.

Bwana Tai alikwenda kuwasha mwenyewe. Aliwasha kwa pupa, akafungua mafuta kupita kiasi, na moshi ukatoka dohani mzito, ukapinda, ukaanza kushuka. Wanawake walikurupuka kwenye kamba, kila mmoja na chake, kama walivyofanya maisha yao yote.

"Asianue mtu!" Mama Pacha alipiga kelele.

"Yatachafuka!" alilia mke wa dereva.

"Yachafuke! Nitayafua mimi, yote, bure. Yaacheni yaingie masizi kwanza, halafu bebeni tuyapeleke mbele ya ofisi."

Wakamwelewa. Walisubiri, na kusubiri kule kulikuwa kugumu kuliko kufua, kuona vyeupe vyako vinatiwa madoa unavitazama. Kisha wakabeba. Walizunguka ukuta wakiwa na mabeseni vichwani, Baba Pacha na fulana yake akibeba kamba. Mlinzi wa lango kubwa alianza kusema kuhusu njia ya nyuma, akaona idadi yao, akapata kitu cha kutazama upande mwingine. Wakatundika kwenye uzio wa chuma mbele ya ofisi, juu ya yale majani yanayomwagiliwa, upande wote wa barabara ya magari ya wageni. Shela la harusi walilitundika katikati, lina michirizi myeusi kifuani.

Wageni walipotoka chakulani walisimama kwenye ngazi. Hapakuwa na haja ya mkalimani. Mama mwenye kofia alitazama uzio, akatazama dohani, akatazama tena uzio.

Mkurugenzi alishuka mbio, tabasamu bado limemganda. "Mama, anueni haya. Anueni, tuzungumze."

"Zimeni," alisema Mama Pacha. "Tutaanua."

Mkurugenzi alimtafuta Bwana Tai, akamwona anakuja na masizi mpaka kwenye tai, akaona hapo hapati msaada. Ndipo akamwona Baba Pacha.

"Wewe ndiye mtu wa tanuri. Nenda kazime."

"Nimefukuzwa, mzee."

"Nani kakufukuza? Hakuna aliyefukuzwa hapa. Umerudi kazini. Nenda kazime."

"Nashukuru," alisema Baba Pacha. Hakusogea. "Na Jumapili ijayo?"

"Nini?"

"Jumapili ijayo nizime, nisizime? Na inayofuata? Na kiwanja, kinabaki cha kuanikia?"

"Hayo ni mambo ya ofisini, bwana. Tutayazungumza Jumatatu, kwa utaratibu."

Ndipo injinia, ambaye hakuna aliyemuuliza, akawageukia wageni, akaanza kuwafasiria. Alifasiri swali, akafasiri jibu, kisha akaeleza kwa nini tanuri huwaka Jumapili na kwa nini leo halikuwa limewaka asubuhi. Mkurugenzi alimtazama vilevile alivyomtazama asubuhi, na safari hii binti aliendelea mpaka mwisho. Wageni wote watatu wakamgeukia Mkurugenzi, wakangoja.

Baba Pacha aliweka kamba chini, akakaa kwenye majani kando ya beseni la mkewe, miguu ameinyoosha.

"Zungumzeni tu, mzee," alisema. "Mimi nasubiri hapa."

Mama Pacha alimpa vibanio amshikie, akainama, akachukua shuka jingine.